Kufaulu bila kujua: nani anadaiwa?

Na Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Chunya

KILA inapokaribia Septemba kwa watoto wa darasa la saba, na Novemba kwa vijana wa kidato cha nne, nyumba za masheikh na maustadhi hapa Chunya hupata wageni wengi. Mzazi huja na kalamu mbili anataka zisomewe dua. Mwingine huja na chupa ya maji. Kijana naye huja mwenyewe baada ya swala ya Isha, akanong'ona: "Ustadhi, niombee, pepa ni Jumatatu." Ukimuuliza amejiandaa vipi, hucheka tu.

Simlaumu anayeomba dua, maana dua ni ibada. Lakini alinijia mgeni mmoja ambaye hakutaka dua. Alikuja na jambo ambalo limeninyima usingizi, na kwa kuwa naamini si langu peke yangu, nimeona nililete mbele ya wasomaji. Mtu akifaulu mtihani wa jambo asilolijua, kisha wengine wakadhurika kwa kutojua kwake, nani anadaiwa?

Karatasi ya mirathi

Mgeni huyo alikuwa mwanafunzi wangu miaka kadhaa iliyopita. Kidato cha nne alipata B katika somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, EDK kama tunavyoliita. Baba yake alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, kazi ambayo katika ukanda huu wa Lupa imekuwepo tangu miaka ya 1920. Mzee huyo alifariki, akaacha mke, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume ambaye ndiye kijana huyu, na mabinti wawili. Karasha lake la kusagia mawe likauzwa, na baada ya kutoa gharama za mazishi na kulipa madeni zikabaki shilingi 9,600,000. Wasia hakuacha.

Wazee wakakaa. Mmoja wao akasema: "Tuna haja gani ya kwenda Mbeya kumtafuta sheikh, na huyu kijana wetu ana B ya dini?" Wakampa kalamu. Kijana akagawa kama alivyokumbuka. Mke moja ya nane, yaani 1,200,000. Zilizobaki, 8,400,000, akawapa watoto kwa kanuni ya mwanamume sehemu mbili na mwanamke sehemu moja: yeye 4,200,000 na kila dada yake 2,100,000. Hesabu ikatimia mpaka shilingi ya mwisho, na wazee wakamsifu. Bibi, yaani mama wa marehemu, akaambiwa: "Wewe mama utakula hapa hapa kwa wajukuu zako."

Ni kweli, alikula kwa wajukuu zake. Lakini alikuwa na mtoto wa jicho, na kila mara alikuwa akisema kuwa siku akipata fedha yake mwenyewe ataenda Mbeya kutibiwa. Hakuipata. Alifariki mwaka uliofuata.

Baadaye kijana, akiwa Mbeya mjini mwezi wa Ramadhani, akahudhuria darsa la mirathi. Pale akasikia kuwa mama wa marehemu, ikiwa marehemu ameacha watoto, fungu lake ni moja ya sita. Jambo hili liko wazi katika Suratun-Nisaa, aya ya 11. Akachukua karatasi akarudia hesabu. Mke 1,200,000. Mama 1,600,000. Mtoto wa kiume 3,400,000. Kila binti 1,700,000. Akaja kwangu na karatasi ile mkononi.

"Ustadhi," akaniambia, "mimi nimekula 800,000 ya bibi. Dada zangu wamekula 400,000 kila mmoja bila kujua. Na mimi ndiye niliyekuwa na B."

Nikajitetea. Nikamwambia mbona fungu la mama niliwafundisha? Akanijibu kwa adabu: "Ulitufundisha, Ustadhi. Lakini ulituambia swali linalopenda kuja ni la mke na watoto. Tukashika hilo."

Alisema kweli. Mwaka ule, zikiwa zimebaki wiki chache, nilikusanya pepa za miaka ya nyuma, nikahesabu ni maswali gani yanajirudia, nikawaandikia majibu ubaoni, nao wakayakariri. Tulifaulu vizuri, na mimi nikapongezwa mbele ya wazazi. Wala sikumdanganya mtu. Sikuiba mtihani. Nilifanya kile ambacho walimu wengi tunakifanya na tunakiita maandalizi.

Maana ya shahada

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima ambayo hatuitumii. Karatasi anayopewa mhitimu wa chuo kikuu tunaiita shahada, na neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa tamko la imani. Asili yake ni kushuhudia. Basi shahada, na cheti chochote kile, ni ushahidi. Kinawaambia watu ambao hawakuwepo darasani: mwaminini huyu katika jambo hili. Wale wazee hawakuwa wajinga kumpa kijana kalamu. Waliamini ushahidi uliotolewa juu yake. Mgonjwa anayelala mbele ya daktari naye anaamini ushahidi kama huo, vivyo hivyo abiria anayevuka daraja lililochorwa na mhandisi.

Na sote tunajua kuwa Mtume (SAW) ameutaja ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa.

Je, nataka kusema kuwa kila aliyekariri akafaulu ni shahidi wa uongo? La hasha! Lazima tutofautishe. Yupo anayenunua mtihani uliovuja au anayeingia na desa mfukoni. Huyo anajua anachokifanya, na hukumu yake haina utata. Mtume (SAW) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Akamkemea muuzaji kwa kutoweka ile iliyolowa juu ili watu waione, akabainisha kuwa anayeghushi hayumo pamoja naye. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim.

Lakini yupo mwingine, ambaye ni wengi wetu. Huyu hakuficha nafaka iliyolowa. Yeye mwenyewe hajui kama chini kumelowa, kwa sababu hajawahi kutia mkono. Amesoma daftari mara tatu, maneno ameyazoea, na kila ukurasa anaoufungua anasema, "Hili nalijua." Kumbe hajui. Anayatambua tu maandishi kama unavyoitambua sura ya mtu uliyepishana naye njiani bila kulijua jina lake.

Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo kwenye kiini cha suala. Kabla mtu hajamdanganya msimamizi wa mtihani, mara nyingi ameshajidanganya mwenyewe mezani kwake.

Chemba, na kabla ya Chemba

Tusidhani haya ni ya mtu mmoja mmoja. Desemba 2011, matokeo ya darasa la saba yalipotangazwa, watahiniwa zaidi ya 9,000 nchini walifutiwa matokeo kwa udanganyifu. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na shule kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa, baada ya kubainika kuvuja kwa mtihani. Watoto wakarudishwa kufanya mtihani upya mwezi huo huo.

Watoto wa miaka 13 au 14 hawana uwezo wa kuvujisha mtihani wa taifa. Mtihani unavujishwa na watu wazima wanaotaka shule, kata au wilaya yao ionekane. Januari 2023 Baraza liliacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Ni hatua nzuri, lakini mashindano hayakutoka katika vifua vyetu. Mzazi bado anauliza, "Una divisheni ngapi?" Ni wachache wanaouliza, "Umejua nini?"

Kutia mkono katika lundo

Basi mwanafunzi afanye nini? Nitataja mambo manne, na nitaanza na lile ambalo mchimbaji wa Chunya analijua kuliko mwalimu.

Mchimbaji hapeleki mifuko 100 ya mawe kwenye karasha kwa sababu tu mawe yanang'aa. Kwanza huchukua jiwe moja, akalitwanga, akaliosha kwenye karai, akaangalia kama kuna chochote kinachobaki chini. Akiona hakuna, hapotezi fedha. Mwanafunzi naye afanye hivyo. Akimaliza ukurasa, afunge kitabu. Achukue karatasi tupu, aandike alichokielewa kwa maneno yake, kisha afungue kitabu alinganishe. Kitakachobaki kwenye karai ndicho chake.

Jambo hili limethibitishwa na utafiti. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma maandishi na kuyarudia kuyasoma, jingine lilisoma kisha likajipima kwa kuandika lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima walikuwa mbele. Tena wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa kuwa watakumbuka! Sisi Waislamu neno la jambo hili tunalo siku nyingi. Tunaliita muhasaba. Umar bin Khattab (RA) amepokewa akiusia watu wajihesabu wenyewe kabla hawajahesabiwa.

La pili ni kugawa masomo katika siku nyingi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonesha kuwa sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea ndani ya siku chache za mwanzo, na kwamba kurudia kwa vipindi hupunguza upotevu huo. Lakini karne nyingi kabla yake, Mtume (SAW) alikwishatuonya kuwa Qur'an hutoroka kifuani upesi kuliko ngamia aliyefunguka kamba, hivyo irejewe mara kwa mara. Naye mwenyewe alikuwa akidurusishana Qur'an na Jibril (AS) kila Ramadhani, na katika mwaka wake wa mwisho wakadurusu mara mbili. Ikiwa Mtume wa Allah alirejea, wewe mwenye daftari la kemia unategemea nini?

Sheikh Az-Zarnuji, aliyeandika Ta'lim al-Muta'allim takriban miaka 800 iliyopita, aliwapa wanafunzi kipimo kinachotekelezeka: somo la jana lirudiwe mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, na kushuka hivyo mpaka mara moja. Mwanafunzi anayetenga saa moja na nusu kila siku baada ya Alfajiri au baada ya Isha, tangu Januari, hatahitaji kukesha Novemba. Na amali inayopendeza zaidi kwa Allah, kama tulivyofundishwa, ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo.

La tatu ni kuchanganya maswali. Hapa ndipo nilipomponza kijana wangu. Pepa za miaka ya nyuma ni nzuri, na mwanafunzi azifanye kwa saa, bila daftari pembeni, kama vile yumo katika chumba cha mtihani. Lakini azitumie kujipima, asizitumie kama ramli ya kutabiri swali. Kila anapomaliza swali, aligeuze. Kama marehemu ameacha mke na watoto, je, angeacha na mama? Je, kama hana watoto? Je, kama aliyekufa ni mke? Dakika kumi za kugeuza swali zingempatia bibi yule 1,600,000 zake.

La nne ni kulala. Vijana wetu wanajivunia kukesha, wanaita kupiga msuli, wanakunywa kahawa mpaka mikono inatetemeka. Lakini usingizi ndio wakati ambapo akili inayapanga na kuyashikisha yale iliyoyapokea mchana, na Allah (SW) ametuambia katika Suratun-Nabaa kuwa ameujaalia kuwa mapumziko. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani huingia chumbani na maneno mengi na fahamu kidogo.

Na dua je? Dua ina mahali pake. Mtume (SAW) aliulizwa na mtu kama amwache ngamia wake na kutawakal, akamwelekeza amfunge kisha atawakal. Kalamu iliyosomewa dua mkononi mwa aliyesoma ni kheri juu ya kheri. Mkononi mwa ambaye hakusoma, ni ngamia aliyeachwa bila kamba.

Watakaosema

Najua wapo watakaosema: "Mwalimu, unazungumzia peponi. Sisi shule yetu haina mwalimu wa hesabu, kitabu kimoja tunakisoma watu kumi, jioni tunaenda kuponda mawe tupate hela ya daftari. Tukibahatisha maswali unatulaumu?"

Hapana, simlaumu mtoto huyo. Mwenye siku 20 za kujiandaa na mada 30 atachagua, na kuchagua lipi la kuanza si dhambi. Ninachomwomba ni kitu kimoja tu, ajue kuwa amechagua. Aseme nafsini mwake, "Hili nalijua, na hili silijui." Aliyefaulu na bado anakijua asichokijua, siku atakapopewa kalamu na wazee, atasema, "Ngojeni, hapa nimuulize sheikh." Wanazuoni wetu wakubwa hawakuona haya kusema sijui. Imam Malik anajulikana kwa kulijibu hivyo swali baada ya swali, hata kwa watu waliomfuata kutoka mbali. Kijana wangu hakukosa elimu ya fungu la mama tu. Alikosa kujua kuwa anaikosa, na B yake ilimficha jambo hilo.

Wapo pia watakaosema kuwa dunia inaangalia cheti. Ni kweli. Lakini tukumbuke kuwa mtihani, katika Kiswahili chetu, si ule wa Novemba peke yake. Tukifiwa, tukifilisika, tukiugua, tunasema tumepata mtihani. Na huo wa pili hautangazi ratiba, wala hauna pepa za nyuma. Ulimkuta kijana yule mkekani, baba yake akiwa na siku chache tu kaburini.

Deni

Turudi kwenye swali letu. Nani anadaiwa?

Kijana anadaiwa, maana fedha ilipita mikononi mwake. Kutojua kunaweza kumwondolea dhambi, lakini hakuondoi haki ya mwenye haki, na haki haifi kwa kufa mwenyewe. Fungu la bibi sasa ni la warithi wake, ambao ni baba yake mdogo na shangazi yake. Tulikwenda pamoja Mbeya kwa sheikh anayeijua elimu hii, akatuelekeza hivyo. Dada zake walipoelezwa walilia, kisha wakakubali. Wanalipa kidogo kidogo, kila baada ya mavuno na kila jiwe linapotoa chochote.

Wazee nao wana lao, kwa kuona nauli ya kwenda kumuuliza sheikh ni ghali kuliko haki ya mjane na mama mzee.

Na mimi? Hakuna aliyenihukumu. Sheikh hakunitaja, na kijana alinizuia nilipotaka kutoa chochote. "Ustadhi, wewe hukula," akaniambia. Lakini mimi najua. Nilipongezwa kwa matokeo yale, nikapeana mikono na wazazi, nikakubali kuitwa mwalimu mzuri. Kama nilipokea sifa ya B ile, sioni namna ya kuikataa lawama yake. Nilichangia, na nikaomba jina langu lisitajwe katika hesabu.

Tangu hapo nimebadilisha jambo moja darasani. Kila Ijumaa wanafunzi wangu hufunga madaftari. Kila mmoja huandika kwenye karatasi mambo matatu anayoyajua na moja asilolijua. Mwanzoni wengi waliacha ile sehemu ya mwisho wazi, kwa aibu. Siku hizi wanaijaza, na mara nyingine inakuwa ndefu kuliko ile ya juu. Wastani wa darasa haujapanda sana. Lakini wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha tatu alisimama akauliza: "Ustadhi, je, kama marehemu ameacha na bibi yake?"

Nikamwambia akae kwanza, nikafungue kitabu. Na mimi nilitaka kuhakikisha.

Wabillahi tawfiq.